Asiyefunzwa na Mamaye

Kuna methali moja tunayoipenda mno katika mji huu wa Dar es Salaam, nasi tunaipenda kwa sababu inatupunguzia kazi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kila mara kundi la vijana wenye mapanga linapovamia mtaa, likapora simu, likajeruhi watu na kutokomea vichochoroni, methali hii hutolewa kama hukumu. Mama hakufunza. Baba hakuwapo. Kesi imekwisha, na waliokuwa wakizungumza wanarudi kwenye kahawa yao.

Mimi naona methali hii inasomwa nusu. Haikuishia kwa mama. Nusu yake ya pili ndiyo nzito zaidi, kwani inasema kuwa ulimwengu nao hufunza. Kama ulimwengu hufunza, basi ulimwengu ni mwalimu, na mwalimu huulizwa amefundisha nini. Nao ulimwengu huo ni nani? Si nchi ya mbali. Ni mtaa, ni shule, ni uwanja wa mpira, ni ofisi ya serikali ya mtaa, ni kituo cha polisi, ni mwanasiasa wa msimu, na ni wazee wenzangu tunaokaa barazani tukihesabu makosa ya akina mama. Nataka, ndugu msomaji, tuiulize nusu hiyo ya pili, maana nusu ya kwanza imeulizwa vya kutosha.

Lakini kabla ya kwenda mbali niweke jambo moja wazi, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba vijana hawa hawana hatia. Jirani yangu, mama anayeuza chapati na maharage alfajiri, alikatwa panga mkononi kwa sababu ya simu ndogo ya tochi na elfu saba za mauzo. Mkono ule haukunji tena sawasawa, na chapati zinasukumwa na bintiye. Mtu aliyekatwa panga hana haja ya nadharia za wataalamu. Ana haja ya haki, na aliyemkata anastahili kukamatwa, kushtakiwa na kufungwa. Nasema hivyo bila kigugumizi. Hata hivyo, kumfunga aliyekata jana ni jambo moja, na kumzuia atakayekata kesho ni jambo jingine. Mji wetu umekuwa hodari wa kupigia kelele lile la kwanza ili usilishughulikie hili la pili.

Tuanze na neno lenyewe. Tunawaita wahuni. Neno hili lina historia ndefu mjini hapa. Wakoloni wa Kiingereza walilipokea kwa mikono miwili, wakalitumia kwa kila kijana wa Kiafrika aliyeonekana mjini bila kazi ya kuandikwa. Mwaka 1944 wakatunga sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji wasiotakiwa, na vijana wakasombwa kurudishwa vijijini. Walirudi. Baada ya Uhuru tukaurithi ugonjwa pamoja na dawa yake. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya kugawa nguvu kazi, na kampeni iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi ikawakusanya watu wasio na vitambulisho vya kazi na kuwapeleka mashambani. Nao pia walirudi, wengi wao. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 katika Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Huo ndio ushahidi wa dawa ya kusomba. Mganga anayempa mgonjwa dawa ile ile kwa miaka themanini, na mgonjwa hapati nafuu, hastahili kulipwa ada ya kwanza, sembuse kuombwa aendelee.

Neno mhuni lina hila moja. Linajibu swali kabla halijaulizwa. Ukisema "kwa nini wamefanya hivi?" unajibiwa "kwa sababu ni wahuni." Na ukiuliza "kwa nini ni wahuni?" unajibiwa "si unaona walivyofanya?" Huo ni mzunguko wa ng'ombe wa kukamua mafuta: anatembea siku nzima na jioni yuko pale pale.

Wale wanaojaribu kwenda mbele kidogo hutoa majibu matatu. Wa kwanza husema ni malezi. Wa pili husema ni umaskini. Wa tatu husema ni bangi na filamu. Sikatai kwamba kila jibu lina chembe ya kweli, lakini hakuna hata moja linalosimama kwa miguu yake.

Tuchukue malezi. Katika mtaa ninaoishi nazijua nyumba ambazo ndugu wawili wametoka tumbo moja, wamelala mkeka mmoja, wamechapwa kwa fimbo moja. Mmoja ni fundi seremala na mwingine anatafutwa. Mama alikuwa mmoja. Tuchukue umaskini. Kama umaskini peke yake ungezaa magenge, basi vijiji vyetu vingejaa magenge, maana huko ndiko kwenye umaskini mkubwa kuliko mjini. Mbona hatusikii kundi la vijana wa mapanga likivamia kijiji jirani kupora majembe? Na tuchukue bangi na filamu. Filamu zile zile zinaonyeshwa kwenye vibanda vya mji mzima, na bangi ilikuwapo babu zetu walipokuwa vijana. Jambo linalowafikia wote haliwezi kueleza kwa nini wachache wameunda genge hapa, na si pale.

Hivyo swali la kweli ni hili: kwa nini hapa, na si pale? Swali hili si geni duniani. Wataalamu wa elimu ya jamii wamelihangaikia kwa takriban miaka mia, na mahali walipoanzia ni mji wa Chicago, Marekani. Mwaka 1927 mtaalamu mmoja, Frederic Thrasher, alitoa kitabu juu ya magenge 1,313 ya mji ule. Aligundua kwamba magenge hayakutapakaa ovyo kama mvua. Yalikaa katika ukanda ulio kati ya mji wa biashara na makazi ya watu wenye nafasi, mahali pa kupita, pasipo na mwenyewe. Na aligundua jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi: genge halianzi kama genge. Linaanza kama kikundi cha watoto wanaocheza. Kinachokigeuza ni ugomvi. Kikundi kinagombana na kikundi kingine, kinafukuzwa na wenye nyumba, kinakimbizwa na polisi, na katika kukimbizwa huko kinapata jina, kinapata kiongozi, kinapata siri. Adui ndiye anayekifunga kamba.

Wakafuata Clifford Shaw na Henry McKay, mwaka 1942. Hawa walichambua kumbukumbu za mahakama za watoto kwa miongo kadhaa wakaona ajabu: mitaa iliyokuwa na watoto wengi wakosaji iliendelea kuwa nao hata pale wakazi wake walipohama na kuja wengine wa taifa jingine kabisa. Watu walibadilika, mtaa ukabaki na tabia yake. Basi na tuwaulize wale wanaosema kabila fulani, au watu wa mkoa fulani, ndio wanaotuletea magenge: mbona kabila lilihama na genge likabaki?

Robert Merton, mwaka 1938, alisema kwa ufupi kwamba jamii inayomfundisha kila mtu kutamani vitu vile vile, kisha ikafungua mlango kwa wachache, isishangae wengine wakipita dirishani. Albert Cohen, mwaka 1955, akaongeza habari ya heshima: kijana anapimwa shuleni kwa kipimo ambacho kwao hakipo, anafeli, anaaibika, kisha anatengeneza kipimo chake mwenyewe ambacho kwacho atashinda. Na mwaka 1960 Richard Cloward na Lloyd Ohlin wakasema kwamba hata uovu una mlango wake. Palipo na wezi wazoefu, kijana hufundishwa wizi wa faida. Pasipo na mlango wa halali wala wa haramu, hubakiwa na kitu kimoja tu cha kujipatia jina, yaani ngumi na panga.

Sisemi tuyameze haya mazima mazima. Chicago si Mbagala. Wasomi wale waliishi wakidhani kwamba mtaa wa maskini ni mtaa usio na mpango, na mwenzao William Foote Whyte, aliyeishi na vijana wa vijiweni katika mji wa Boston, aliwasahihisha mwaka 1943: mtaa ule ulikuwa na mpango wake, ila haukuwa mpango ambao watu wa nje waliutambua. Na uswahilini kwetu mpango upo tele. Akina mama wana vikoba vyao. Msiba ukitokea, daftari la michango linazungushwa kabla maiti haijaoshwa. Misikiti na makanisa yana kamati. Mtu mzima wa mtaani kwetu ana mahali pa kukaa na watu wa kumwuliza habari zake. Sasa nitajie, msomaji wangu, mahali pa kukaa pa mvulana wa miaka kumi na tano. Katika kikoba hayumo. Katika mkutano wa mtaa akisimama kusema huambiwa akae. Msibani anatumwa kubeba viti, na akishavibeba hana kiti chake.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, nami naisema waziwazi: kundi la vijana si ugonjwa. Kundi ni haja ya umri, kama njaa. Wahenga walilijua hilo. Katika makabila yetu mengi kulikuwa na rika, kulikuwa na jando, na kijana alitolewa mikononi mwa mamaye kwa makusudi, akakabidhiwa kwa ulimwengu, yaani kwa wazee na kwa wenzake wa rika, wamfunze yale ambayo mama hakuweza kuyafunza. Methali yetu haikuzaliwa kama tusi kwa mama peke yake. Ilizaliwa katika nchi iliyojua kwamba ulimwengu una zamu yake.

Hata mijini mambo yalikuwa hivyo. Kuanzia miaka ya 1890 ilizuka katika pwani ya Kenya ngoma ya beni, ikasambaa hadi Tanganyika na kufika bara kwa miguu ya askari na vibarua. Terence Ranger ameieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii za Afrika Mashariki. Vilikuwa vyama vya watu wa mjini vyenye sare, vyeo vya kijeshi, wakubwa na wadogo, na mahasimu wa kufa na kupona. Katika miji yetu Marini na Arinoti walishindana kwa mavazi, kwa ngoma na kwa karamu. Wakubwa wa serikali walikuwa na wasiwasi nao, nao wengine waliwaona kuwa ni wahuni. Lakini angalia ushindani ule ulielekezwa wapi! Baadaye likaja soka. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba ikafuata mwaka 1936 kwa jina jingine. Hivyo navyo vilikuwa ni vikundi vya vijana wa mjini, vyenye jina, rangi, mtaa na mahasimu. Ukivichunguza, kila kitu ambacho genge linacho kilikuwamo ndani yake, isipokuwa panga.

Kwa hiyo tofauti ya kikundi na genge haimo katika damu za vijana. Genge ni kikundi kilichokosa mlezi kikapata adui. Na vyote viwili, kukosa mlezi na kupata adui, hutokea kwa kazi ya mikono ya watu wazima.

Tuitazame kazi hiyo. Mtaani kwetu kulikuwa na uwanja. Haukuwa na nyasi, ulikuwa na vumbi na magoli ya miti, lakini kila jioni palikuwa na timu tatu za rika tatu, na wazee wawili watatu waliokuja kutazama, kugomba na kuamua ugomvi. Siku moja zikaja nguzo, zikafuatiwa na ukuta, na ndani ya ukuta likaota jengo la biashara. Tulikwenda katika ofisi moja, sitaitaja, tukaonyeshwa ramani ambayo uwanja haumo. Wenzangu waliokuja mjini zamani walikumbuka uwanja ule tangu miti yake ya goli ilipokuwa michanga, lakini ramani ilishinda kumbukumbu. Zile timu tatu hazikufa siku ile. Zilihamia kwenye kona, chini ya nguzo ya umeme. Tofauti ni kwamba kwenye kona hakuna mpira, na bila mpira hakuna mzee anayekuja kutazama. Baada ya muda wenye maduka wakalalamika kwamba vijana wa konani wanawatisha wateja. Polisi wakaja na gari. Thrasher angekuwapo angefungua daftari lake.

Ya pili ni umri. Kwa miaka mingi mtoto wa Kitanzania amemaliza darasa la saba akiwa na miaka kumi na tatu au kumi na nne. Asipochaguliwa, amekwisha. Ada ya sekondari kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa tangu mwaka 2016, na hilo ni jambo jema, lakini kuondoa ada si kumrudisha aliyekwisha kuanguka. Mwanangu huyu wa miaka kumi na nne aende wapi? Kitambulisho cha taifa hatakipata hadi atimize kumi na nane. Laini ya simu kwa jina lake, hapana. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ambamo vijana wametengewa asilimia nne, inaanzia miaka kumi na nane. Kazi za maana haruhusiwi, na ni haki asiruhusiwe, maana ni mtoto. Basi kwa miaka minne mtoto huyu hayumo shuleni, hayumo kazini, hayumo katika orodha yoyote ya serikali. Sera ya elimu katika toleo lake la mwaka 2023 imeahidi elimu ya lazima ya miaka kumi. Naipongeza ahadi hiyo na nitaihesabu itakapotimia. Lakini wale ambao tayari wamo ndani ya shimo la miaka minne hawangoji sera. Wanaishi leo. Na katika shimo lile kuna shirika moja tu linaloandikisha wanachama bila cheti, bila ada na bila kitambulisho.

Ya tatu ni siasa. Nalisema hili kwa uchungu. Msimu wa uchaguzi ukifika, wale wale walioitwa wahuni hugeuka kuwa vijana wetu. Wanapewa fulana, wanapewa nauli, wanapewa kazi ya kupiga kelele na wakati mwingine ya kupiga watu. Msimu ukiisha wanaachwa na fulana. Wenzetu wa Kenya walilionja hili mapema. Katika miaka ya 1990 Nairobi ilikuwa na kundi lililojulikana kama Jeshi la Mzee, na kila mtu alijua mzee aliyetajwa hakuwa mzee wa kijiji. Ukimfundisha kijana kwamba fujo ni ajira, usimshangae akiendelea na kazi wakati wewe umekwisha kumwachisha.

Kenya inatufundisha jambo jingine pia. Kundi la Mungiki lilipoingia katika mitaa kama Mathare, halikuja kama mwizi wa usiku tu. Lilitoza magari ya abiria kwenye vituo, lilitoza maji na umeme wa kuunganisha, lilitoza ulinzi. Kwa maneno mengine, lilifanya kazi za serikali mahali ambapo serikali haikufika, kwa ukatili ambao serikali halali haiwezi kuuhalalisha. Machi 2002 mapambano kati yake na kundi jingine yaliua watu zaidi ya ishirini huko Kariobangi, na Mungiki ikapigwa marufuku. Mwaka 2010 serikali ya Kenya ilitangaza orodha ya makundi 33 yaliyopigwa marufuku. Mwaka 2016 orodha ikawa ya makundi 90. Hata kama hesabu za orodha hizo mbili hazikufanywa kwa namna moja, nauliza: ikiwa marufuku ingekuwa dawa, orodha ya pili ingekuwa ndefu kuliko ya kwanza, au fupi?

Na kwetu je? Tarehe 2 Januari 2015 hofu ya kundi lililoitwa Panya Road iliukumba mji huu, watu wakafunga maduka na kukimbia hovyo. Taarifa za siku zile zilisema vijana wale walitoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi. Litafakari hilo, msomaji: hata katika fujo ile kulikuwa na msiba, kulikuwa na udugu, kulikuwa na kisasi. Misako ikafuata, vijana wakakamatwa kwa mamia. Tukaambiwa yamekwisha. Mwaka 2022 jina lile lile likarudi, mauaji yakatokea, na mwezi Septemba mwaka huo polisi wakatangaza kuwapiga risasi na kuwaua watuhumiwa. Watu wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na sababu yangu haikuwa huruma tu. Mtuhumiwa aliyeuawa hatoi ushahidi. Hatutaambiwa kamwe ni nani aliyenunua simu alizopora, maana simu zile hazikuliwa. Zilinunuliwa na mtu mzima mwenye duka. Risasi humfikia mtoto aliyebeba panga na kumwacha salama mtu mzima aliyeshika fedha.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa niitazame El Salvador. Nchi ile ilitangaza hali ya hatari mwezi Machi 2022, ikafunga watu zaidi ya elfu themanini, na mauaji yakapungua sana. Ni kweli yamepungua, sitafuni maneno. Lakini tusisome ukurasa mmoja wa kitabu. Magenge ya El Salvador yalizaliwa kwa sehemu kubwa huko Los Angeles, miongoni mwa watoto wa wakimbizi wa vita, yakarudishwa nyumbani kwa ndege za wafukuzwao. Mwaka 2003 nchi ile ile ilianza sera iliyoitwa mkono mgumu, vijana wakajazwa magerezani, na humo magerezani magenge yakapata kile ambacho hayakuwa nacho mitaani: ofisi kuu. Hiyo ndiyo mkono mgumu iliyozaa haja ya mkono mgumu zaidi. Na katika huo wa pili, serikali yenyewe imekiri kuwaachia huru maelfu ya watu ambao hawakuwa na hatia. Nani kati ya wanaoisifia njia hiyo yuko tayari mwanawe awe mmoja wa hao maelfu, akalala gerezani mwaka mzima huku akisubiri kuombwa radhi? Na baada ya yote hayo swali langu bado liko palepale. Mtoto mwenye miaka kumi leo atakuwa na kumi na tano baada ya miaka mitano. Gereza limemwandalia nini?

Basi nitaulizwa: wewe unayesema sana, unataka nini? Sitaki mengi, wala sitaki ya gharama kubwa kupita ukuta wa gereza.

Nataka kila mtaa uwe na uwanja, na uwanja uandikwe kwenye ramani kwa wino usiofutika, na anayeuuza ashtakiwe kama mtu aliyeuza silaha. Nataka serikali ya mtaa iwe na daftari la watoto wake wa miaka kumi na nne hadi kumi na nane walio nje ya shule. Tunazo orodha za kaya za kila aina, tunashindwaje na hii? Nataka gereji, karakana za seremala na mafundi cherehani wa mtaani walipwe kitu kidogo kwa kila kijana wanayemfundisha, maana wao ndio chuo ambacho tayari kiko mlangoni. Nataka anayenunua mali ya wizi atafutwe kwa bidii ile ile anayotafutwa mwizi. Na nataka vyombo vya habari viache kuyabatiza makundi. Mtaalamu Malcolm Klein, aliyeyachunguza magenge ya Los Angeles katika miaka ya 1960, aligundua kwamba hata msaada wa nia njema, ukilihudumia genge kama genge, hulizidishia mshikamano. Tumsaidie kijana kwa jina alilopewa na mamaye, tusimsaidie kwa jina la kundi lake. Kila jina tunalolichapa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza ni bendera tunayowashonea bure.

Na wazee wenzangu nina neno nao. Mzee anayepita konani akifunika pua kwa kanzu amekwisha kupiga kura. Wale vijana wanatujua majina, wanajua nani ana shida ya mguu, wanajua nani alifiwa. Ni sisi tusiowajua. Atokee mzee mmoja katika kila mtaa atakayesimama nao nusu saa jioni, aamue ugomvi wao kabla haujapata panga, awape kiti katika mkutano na kuwaacha wamalize sentensi. Hilo halihitaji bajeti wala mfadhili. Jando halikuwa na mfadhili.

Wapo watakaosema kwamba ninawatetea wahalifu. Wawaulize akina mama wa mtaani kwetu, wale wanaobebeshwa methali kila siku. Mama anayeamka saa kumi usiku kuwasha moto wa chapati, arudi nyumbani jua limezama, ndiye tunayemdai kwamba hakumfunza mtoto. Alimfunza kwa saa alizokuwa nazo. Saa zilizobaki zilikuwa zetu, na tulizitumia kujenga ukuta juu ya uwanja.